Faili Lenye Tarehe Safi

Faili la kesi lilikuwa na kurasa sita, na nne kati ya hizo zilikuwa picha za lango moja la Kitisuru, zilizopigwa na mtu aliyeelekeza kamera kwenye jua. Inspekta Phoebe alizipindua zote, akarudi mwanzo, akazipindua tena, asije akasingiziwa kwamba alisoma haraka.

"Koplo Zedekiah, kesi ndiyo hii?"

"Ndiyo, afande."

"Kurasa nyingine ziko wapi?"

"Ni hizo tu. Lakini mtu tunaye."

Mtu walikuwa naye, hilo halikuwa na ubishi. Aliitwa Kisilu, fundi wa kompyuta wa miaka thelathini na minne, na alikuwa amelala seli siku mbili. Saa nane mchana wa Alhamisi hiyo ya mwisho wa Mei angepandishwa kizimbani kwa kughushi ramani ya ardhi, na mwaka ule wa 2009 mahakimu hawakuwa na mchezo na watu wa ramani. Phoebe alikuwa ametumwa kutoka makao makuu kutia sahihi tu. Saa ilikuwa nne kasorobo, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuchukia kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Kisa kilikuwa chepesi. Mwalimu mstaafu wa Kitisuru, Bi Waithera, aliamka asubuhi akakuta mafundi wanachimba msingi wa ukuta ndani ya ua wake. Walikuwa na ramani. Ramani ilidai kwamba jiwe la mpaka, lililokaa mahali pake tangu 1988, lilipaswa kuwa mita kumi na moja zaidi ndani, karibu na tangi la maji la mwalimu. Ilitoka katika ofisi ya mpimaji mmoja wa mjini, Mungai. Naye Mungai alipoulizwa alijibu kwamba namba za kwenye kompyuta zilichezewa na fundi wake, Kisilu, aliyehongwa na mjenzi. Ni Kisilu peke yake aliyekuwa na neno la siri la kubadilisha namba. Zedekiah aliyaandika hayo kama yalivyotamkwa, kisha chini yake akaongeza kwa hiari yake: "Shahidi ni mtu wa heshima."

"Heshima hii uliionaje?" Phoebe aliuliza.

"Alikuwa amevaa suti, afande."

Phoebe aligeuza ukurasa. Kuna ujinga ambao ukiujibu unaupa cheo.

"Mlete Kisilu."

Kisilu aliingia akiwa ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, maana mshipi wake ulikuwa kwenye bahasha ya vielelezo. Shavu lake la kulia lilikuwa limebonyea kidogo.

"Umepigwa?"

"Hapana, madam. Ni jino. Nilitolewa mwezi huu, bado natafuna upande moja."

"Kaa. Mungai ana hadithi mbili. Ya kwanza, ulihongwa. Ya pili iko mwisho wa ukurasa: kama si wewe, basi ni ile mashine yako iliyopindua namba. Nieleze hiyo mashine. Pole pole, na usinitupie maneno ya brosha."

"Iko hivi, madam. Ofisi ilikuwa na kompyuta ya zamani, ile ya kuchora ramani. Ikakufa mwaka jana. Programu yake haiwezi kukaa kwa PC ya kawaida. Sasa mimi nikatengeneza mashine ya kuigiza ile ya zamani, inaishi ndani ya PC ya Bwana Mungai. PC tunaiita mwenyeji. Ile ya ndani tunaiita mgeni. Mgeni anadhani bado ako kwa nyumba yake ya zamani."

"Na mafaili ya ramani yako wapi?"

"Kwa folda moja. Mwenyeji anaiona, mgeni pia anaiona. Hiyo daraja ya katikati niliandika mwenyewe."

"Kupindua kunatoka wapi?"

Kisilu aliinua mkono wa kushoto, akakunja kidole gumba, vikabaki vinne. "Namba kubwa inawekwa kwa vipande vinne, kama hivi vidole. Ile mashine ya zamani inaanza kuandika na kipande kikubwa, inashuka mpaka kidogo. PC inaanza na kidogo, inapanda. Kila mmoja akisoma yake, hakuna shida. Lakini mmoja akiandika na mwingine asome bila kuambiwa, anasoma kinyume."

"Basi namba zilisomwa kinyume, na jiwe likasonga. Mungai anasema kweli."

"Hapana, madam." Kisilu alisema upesi, kama mtu aliyetukaniwa mtoto. "Kinyume haikusongeshi mita kumi na moja. Kile kipande kidogo kinapewa nguvu ya kile kikubwa. Jiwe la Kitisuru lingeenda kutua nje ya Afrika. Mita kumi na moja ni mtu ameketi akapiga hesabu. Halafu daraja yangu haigusi kitu ndani ya file. Inapitisha vile ilivyo. Inageuza tu zile namba za nje, kama urefu wa file na siku iliandikwa."

"Na hizo inazigeuza sawasawa?"

Hapo Kisilu aliangalia meza. Kwa mara ya kwanza alifanana na mtuhumiwa.

"Urefu, ndiyo. Tarehe niliacha. Mgeni akiandika file, PC inaonyesha tarehe ya ajabu, kinyume. Nilisema nitarudi kurekebisha. Sikurudi. Watu wa ofisi wakazoea, wanaambiana tu usiangalie tarehe."

"Na kama PC imeandika file yenyewe, bila mgeni?"

"Hiyo inakaa sawa. Lakini hakuna mtu huandika kutoka nje. Ramani ni za mgeni."

Phoebe alifunga daftari. Akaamua kumjaribu. "Nisikilize. Hakimu hajui vipande wala vidole. Ukikubali kwamba daraja lako lilikosea, hii inakuwa ajali ya kazini, na leo unalala nyumbani."

"Lakini daraja haikukosea."

"Nimesikia. Nakuuliza kama unataka kulala nyumbani."

"Nataka sana, madam. Lakini nikisema hivyo nitakuwa nimedanganya, na wewe utaandika."

Phoebe alikuwa amewahoji watu miaka kumi na saba, na wengi wao wangeuza mama zao kwa dirisha dogo kuliko hilo alilolifungua. Alimpenda yule fundi papo hapo, na kwa sababu hiyo akamrudisha seli kwa sauti kali.

"Koplo, tunaenda mjini. Beba vielelezo."

"Ni bahasha tu, afande. Mshipi, funguo na simu."

"Simu umeiangalia?"

"Niliiangalia. Haina kamera."

Phoebe alishuka ngazi, na Zedekiah akamfuata akidhani amesifiwa.

Ofisi ya Mungai ilikuwa ghorofa ya nne, upande wa barabara ya Moktar Daddah, na lifti ilikuwa na karatasi ya kuomba radhi iliyokwisha kuwa ya njano. Mlangoni alikaa Bi Manjula, katibu, mama wa miaka sitini hivi mwenye miwani ya kamba. Kando yake kulikuwa na printa ya ramani, pana kama kitanda cha mtoto. Aliwaangalia askari wale wawili, akasema, "Kisilu amekula?"

"Amekula," Phoebe akajibu.

"Uji au chakula?"

"Uji."

Manjula alitikisa kichwa, akawaonyesha mlango wa ndani.

Mungai aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa na tai, alikuwa na kalamu tatu mfukoni, na nyuma ya kiti chake ukutani zilipangwa fremu saba za vyeti, kila kimoja kikiwa kimefutwa vumbi asubuhi hiyo. Phoebe alizisoma zote kabla ya kuketi. Ni tabia aliyokuwa nayo. Watu hutundika ukutani mambo wanayokana mdomoni.

"Madam Inspector, karibu sana. Hii kitu imeniumiza kabisa. Huyo Kisilu nilimchukua kama mtoto wangu."

"PC ambayo mgeni anaishi ndani yake ni ipi?"

"Ni hii hapa." Aligonga meza yake. "Kisilu alitaka iwekwe kule nje kwa wote. Nikakataa. Data ya wateja ni mambo ya siri, madam. Inakaa kwangu."

"Mlango huu una funguo ngapi?"

"Moja. Ninayo mimi." Aliutoa mfukoni, akauning'iniza. "Nikitoka, nafunga. Hata kwenda msalani. Mimi siwezi kucheza na usalama."

Phoebe aliandika maneno hayo, akamsomea, akamgeuzia daftari. Mungai alitia sahihi yenye mikia miwili. Watu wenye sahihi za namna hiyo huzitoa bila kubembelezwa.

"Kila mtu hapa anaweza kubadilisha namba za mpaka?"

"Kusoma na kuchora, kila mtu. Kubadilisha ndani ya ile programu, Kisilu peke yake. Neno la siri ni lake. Ndiyo maana nilimwambia koplo kesi iko wazi."

"Nionyeshe folda."

Mungai aligeuza skrini. Yalikuwa mafaili ya mwezi wa tano, kila moja na jina la shamba na tarehe yake. Kiwanja cha Kinoo, faili la mwaka 1934. Kiwanja cha Kileleshwa, mwaka 2021. Lingine la Kinoo, 1967.

"Unaona?" Mungai alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu anayemcheka mfanyakazi wa nyumbani mbele ya wageni. "Hii ndiyo kazi ya fundi wetu. Mwaka 1934 kompyuta ilikuwa wapi? Hata tarehe imemshinda! Mtu wa namna hii unamwachia mipaka ya watu? Katika folda nzima ni file moja tu ambayo imekaa kama file."

"Ipi?"

"Hii." Aliweka kidole kwenye kioo. "Kitisuru. Tarehe kumi na mbili Mei 2009, saa tano na dakika arobaini. Safi kabisa."

Zedekiah, aliyesimama mlangoni, alitikisa kichwa kukubali. Phoebe aliliacha lile neno "safi" likae mezani kidogo. Alikuwa anamdharau mtu huyu tangu alipomsoma kwenye karatasi, lakini hakutegemea angempa sababu mapema hivi.

"Bwana Mungai, hizi tarehe za ajabu zina maana yake. Mgeni akiandika faili, tarehe inapita darajani kinyume. Kwa hiyo faili lenye mwaka 1934 limeandikwa na mgeni, ndani, kihalali. Lile la 2021 vilevile. Neno la siri la Kisilu ni la huko ndani. Kama angebadilisha namba za Kitisuru kwa neno lake la siri, faili hili nalo lingekuwa la mwaka wa wazimu."

Mungai aliondoa kidole kwenye kioo.

"Hili lina tarehe safi kwa sababu mgeni hakuliandika. Liliandikwa kutoka nje, kwa PC hii, juu ya meza hii, Jumanne ile ya tarehe kumi na mbili, saa tano na dakika arobaini."

"Basi aliketi hapa."

"Kwa ufunguo gani?"

"Labda siku hiyo nilisahau mlango wazi. Mimi ni binadamu."

"Umetoka kutia sahihi kwamba si binadamu, unafunga hata ukienda msalani."

"Madam, with due respect, mimi ni mpimaji. Hayo mambo ya ndani ya mafaili siyajui. Hata baiti sijui ni nini. Hiyo ni kazi ya fundi."

Phoebe alimwangalia, kisha akaangalia juu ya bega lake, kwenye fremu ya tano. "Hicho cheti kinasema ulifaulu uandishi wa programu mwaka 1994. Kwa alama ya juu. Ni ndugu yako mwenye jina hilohilo?"

Mungai hakugeuka. "Hiyo ni zamani. Nimesahau."

"Bi Manjula!" Phoebe aliita. "Jumanne ya tarehe kumi na mbili, Kisilu alikuwa wapi?"

Manjula hakuhitaji kuingia ndani, alijibu kutoka mezani kwake. "Kinoo, kwake. Yeye ilikuwa na ruhusa. Jino."

"Na ramani ya Kitisuru ilichorwa siku hiyo?"

"Mara mbili. Ya kwanza iliharibika."

"Karatasi iliyoharibika mnaipeleka wapi?"

Sasa Manjula aliinuka. Kulikuwa na kabati nyuma yake, na katika kabati karatasi nene nyeupe zilizokunjwa kwa utaratibu. Alieleza huku akizipekua. Karatasi ya ramani ikiharibika haitupwi. Wafanyakazi huichukua kwenda kufunikia vitabu vya shule vya watoto. Lakini wapimaji watatu wa ofisi hawakomi kugombana kuhusu nani anaharibu nyingi, kwa hiyo yeye huandika kwenye pembe ya kila moja, kwa kalamu nyekundu, shamba, siku, saa na jina la aliyeharibu.

"Hii hakuna mtu alitaka," alisema. "Kitabu haikai vizuri, iko na mstari katikati."

Waliifungua juu ya meza ya Mungai. Mawe matatu ya mpaka yalikuwa yamebanana kwenye pembe ya chini, nukta moja tu, kama kinyesi cha nzi. Kutoka kwenye nukta hiyo mstari mmoja ulikwenda mpaka pembe ya juu ya karatasi, kulitafuta jiwe la nne. Printa ilikuwa imejitahidi kuyaenesha mawe yote kwenye karatasi moja. Pembeni, kwa wino mwekundu: Kitisuru, 12/5, saa 5.10, Bw. Mungai.

"Jiwe lilienda nje ya Afrika," Phoebe alisema.

"Hiyo printa ina matatizo," Mungai akasema.

"Printa haina neno. Saa tano na dakika kumi kuna mtu alifungua faili kutoka nje, akaandika namba yake mpya kama PC inavyoandika, kipande kidogo kwanza. Mgeni akaisoma kinyume, na haya ndiyo matokeo. Kisilu ndiye aliyeandika hilo daraja. Kosa hili asingelifanya hata akiwa amelala. Hili ni kosa la mtu aliyesoma zamani akasahau." Alipima mstari ule kwa jicho. "Lakini nusu saa baadaye namba ilikaa sawa. Kwa hiyo katikati ya hapo kuna mtu aliyekukumbusha. Nani?"

"Madam, utaenda kortini na karatasi ya kufunikia vitabu?"

Alilisema hilo kwa dharau kamili, na kwa mara ya kwanza Phoebe akafurahia kazi yake siku hiyo.

"Siendi nayo peke yake. Koplo, saa ngapi?"

"Saba na robo, afande."

"Toa simu ya Kisilu kwenye bahasha. Rudisha betri. Mtu aliyetoka kung'olewa jino ukimpigia hawezi kuongea, mdomo umejaa pamba. Utalazimika kumwandikia, naye atalazimika kujibu kwa maandishi. Angalia ujumbe wa Jumanne tarehe kumi na mbili."

Zedekiah aliwasha simu. Ilichukua muda, ikaimba wimbo wake wa kuamka. Mungai aliketi, kisha akasimama, kisha akaketi. Zedekiah alibonyeza, akabonyeza, halafu mkono wake ukatulia, na uso wake ukawa wa mtu aliyegundua kwamba amebeba kesi nzima kwapani siku mbili bila kujua.

"Soma kwa sauti," Phoebe akasema. "Saa pia."

"Saa tano na dakika ishirini na moja. Kutoka kwa Boss Mungai. 'Mbona hushiki simu. Hizo namba za beacon za mpaka kwa file zinaanza na kipande kikubwa ama kidogo? Ni urgent.'" Zedekiah alikohoa. "Jibu, saa tano na dakika ishirini na nne. 'Kikubwa kwanza boss. Pole siwezi ongea nimetolewa jino. Ukikwama nitakuja kesho mapema.'"

Kutoka barabarani ilisikika kengele ya mwuza aiskrimu.

"Piga kituoni," Phoebe alimwambia Zedekiah. "Wewe mwenyewe. Waambie Kisilu haendi kortini. Waambie kwa nini, ujumbe wote, neno kwa neno, ili wakucheke."

Zedekiah alipiga. Gari la kumpeleka Kisilu kortini lilikuwa limewashwa lakini halijatoka. Alisoma ujumbe, akasubiri, akajibu ndiyo, afande mara tatu, kisha akamnyoshea Phoebe simu. "Wamempa aongee nawe."

"Madam?" Ilikuwa sauti ya Kisilu, ya chini, isiyoamini bado. "Wanasema naenda nyumbani. Ni ukweli?"

"Ni kweli. Rudishiwa mshipi wako."

"Madam, ile shida ya tarehe. Nikija kesho niirekebishe?"

"Ukiigusa kabla kesi hii haijaisha, nitakufunga mimi mwenyewe."

Alikata simu, akatoa pingu. Mungai alinyosha mikono huku akimwangalia Manjula, labda akitafuta mtu wa kushuhudia kwamba ameonewa. Manjula alikuwa anaikunja ile karatasi taratibu, kwa mikunjo yake ileile ya zamani, ili aikabidhi.

"Kesho yake Kisilu alikuja mapema kweli," Manjula alisema, na hakuwa akimwambia Phoebe. "Saa moja na nusu. Mimi ndiyo nilimfungulia mlango ya nje. Uso imevimba hivi. Akaniuliza, mama, boss bado amekwama?"

Mungai aliinamisha macho, akaziangalia pingu.